Nyuki Wanne Ambao Sikuwaona

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, vikubwa na vidogo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, nataka tujiulize swali ambalo kwa nje linaonekana dogo. Mtu akiandika kwenye karatasi kwamba ameona nyuki 4 juu ya ua, na kumbe hakuona hata mmoja, je, amemkosea nani? Ua halina malalamiko. Nyuki hawana habari naye. Hakuna mali iliyoibiwa wala heshima ya mtu iliyovunjwa. Je, upo uongo usio na aliyedhulumiwa? Na kama upo, unahesabiwa vipi mbele ya Allah?

Siulizi kwa kupenda mjadala. Aliyeandika nyuki hao 4 ni mimi.

Muhula uliopita, ndugu mmoja wa jumuiya yetu anayesoma baiolojia alituomba wanachama tumsaidie kuhesabu wadudu wanaotembelea maua. Kazi hii hufanywa na watu wa kawaida katika nchi nyingi, na haihitaji maabara. Uingereza, kwa mfano, wana utaratibu ulioanza mwaka 2017: mtu anachagua kipande chenye maua, sentimita 50 kwa 50, anakaa dakika 10, anahesabu kila mdudu anayegusa ua, kisha anaandika aina ya ua, hali ya hewa na idadi. Haulizwi jina la kitaalamu la mdudu. Anatakiwa tu kutenganisha nyuki na nzi, kipepeo na mbawakawa. Na kuna sharti moja ambalo wengi hulipuuza: ukikaa dakika 10 na asije mdudu yeyote, usiitupe karatasi. Andika 0 uitume, kwa sababu 0 nayo ni habari.

Nani anajali? Ripoti ya kimataifa kuhusu uchavushaji iliyotolewa mwaka 2016 na jopo la wanasayansi la IPBES ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama wachavushaji, angalau kwa kiasi fulani, ili zizae kwa wingi au kwa ubora. Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba wachavushaji wa mwituni wamepungua Ulaya ya Kaskazini-Magharibi na Marekani ya Kaskazini, lakini kuhusu Afrika na baadhi ya mabara mengine takwimu hazitoshi kutoa kauli ya jumla. Kwa maneno mengine, kwetu si kwamba nyuki wako salama. Kwetu hakuna aliyekaa akahesabu.

Na watu wasio wasomi wakubwa wanaweza kuhesabu. Mwaka 2017 dunia ilishtushwa na utafiti kutoka Ujerumani ulioonyesha kwamba katika hifadhi 63, uzito wa wadudu warukao ulipungua kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Wadudu hao walikusanywa na chama cha wapenzi wa wadudu wa mji wa Krefeld, wengi wao wakiwa watu wa kujitolea, waliotega mitego ya aina moja kwa njia ile ile, mwaka baada ya mwaka, na kupima walichokipata. Lau wangekuwa wanaandika kile wanachotamani kuona, dunia isingejua kitu.

Turudi kwetu. Shamba tulilopewa lilikuwa la mama mmoja anayetuuzia chakula karibu na chuo. Amepanda maboga nyuma ya nyumba yake, na alikuwa akilalamika kwamba maboga machanga yanafika ukubwa wa ndimu, yanageuka manjano, yanaoza na kuanguka. Ndugu yetu wa baiolojia alitueleza kwamba mboga hii ina maua ya kiume na ya kike katika mmea mmoja. La kike utalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini ya ua. Chavua yake ni nzito na ya kunata, haipeperushwi na upepo, lazima ibebwe na mdudu. Na maua yenyewe hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Mdudu asipokuja asubuhi hiyo, ua hilo limekosa nafasi yake, na kiboga chake huanguka. Lakini kiboga kinaweza kuanguka pia kwa sababu ya udongo, maji au ugonjwa. Kabla ya kumshauri mama, tujue kwanza: nyuki wanakuja au hawaji?

Tuligawana shamba. Ukhti mmoja wa mwaka wa kwanza alipewa upande wa chini, mimi upande wa juu, asubuhi 6 kila mmoja. Asubuhi ya kwanza niliona nyuki 1. Ya pili sikuona kitu, nikaandika 0, na nakiri kwamba niliona haya kuiandika. Niliona kama karatasi ya mvivu. Asubuhi 4 zilizofuata sikwenda. Palikuwa na ukungu na baridi. Baada ya Swala ya Alfajiri nilirudi kitandani, nikajaza fomu nikiwa chini ya blanketi: 4, 3, 5, 4. Niliandika hata hali ya hewa. Hiyo niliiona dirishani.

Nilijitetea kwa hoja 3, na nadhani si mimi peke yangu niliyewahi kuzitumia.

Hoja ya kwanza: ni jambo dogo. Hapa inafaa kukumbuka hadithi mashuhuri ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), ambayo maana yake ni kwamba ukweli humwongoza mtu kwenye wema na uongo humwongoza kwenye uovu, na kwamba mtu huendelea na uongo mpaka akaandikwa mbele ya Allah kuwa ni mwongo. Hadithi hii haizungumzii ukubwa wa jambo lililosemewa uongo. Inazungumzia mtu anayegeuka kidogo kidogo kuwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa nikiandika namba kwenye fomu, na wakati huo huo nilikuwa nikiandikwa. Qur'ani nayo, katika Suratul Israa aya ya 36, inatukataza kufuata tusiyoyajua, na inataja kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Jicho langu litaulizwa: uliona nini asubuhi ile? Nalo litajibu kwamba lilikuwa limefumbwa.

Hoja ya pili: nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka kazi ya ndugu yetu ikamilike, fomu zisibaki tupu, jumuiya isionekane legevu. Sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu tuna jibu la hoja hii tangu mwaka wa kwanza. Katika elimu ya hadithi tunasoma habari za Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw, anayetajwa na wanavyuoni kuwa alitunga hadithi juu ya fadhila za sura za Qur'ani, sura baada ya sura. Alipoulizwa, inaelezwa kwamba alisema ameona watu wameshughulishwa na mambo mengine wakaiacha Qur'ani, akataka kuwarudisha. Lengo gani zuri zaidi ya hilo? Hata hivyo maimamu wa hadithi hawakumsamehe kwa nia yake. Waliweka jina lake katika orodha ya waongo, na mpaka leo linasomwa humo. Sisemi kwamba kumzulia Mtume (S.A.W.) na kuzua nyuki ni daraja moja, haiwi, na anayelinganisha hivyo amekosa adabu. Ninachosema ni kwamba kanuni ni moja: nia njema hutengeneza tendo la halali, haiugeuzi uongo kuwa ukweli.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo iliyonituliza muda mrefu: hakuna aliyeumia. Na mwanafunzi wa hesabu anaweza kuipa nguvu zaidi. Atasema, katika hesabu zinazokusanywa na watu wengi, makosa hayakosekani. Huyu atazidisha kidogo, yule atapunguza, mwishowe makosa yanafutana na ukweli unabaki. Basi nyuki 4 wa uongo wamezidisha nini?

Hoja hii ni sahihi kwa makosa. Si sahihi kwa uongo. Anayekosea kwa kutojua, mara atamhesabu nzi kuwa nyuki, mara atampita nyuki mdogo asimwone. Kosa lake huenda huku na huku. Lakini mwongo huelekea upande mmoja tu. Sijawahi kumsikia mtu aliyelala kitandani akazua 0. Anayezua huzua kinachopendeza, kinachoonekana kama kazi. Kwa hiyo uongo wa watu 10 haufutani, unajumlishwa, na wote unaelekea pale pale: mambo ni mazuri, nyuki wapo. Ndiyo maana wanavyuoni wetu walitenganisha sifa 2 za mpokezi wa habari. Ipo *adala*, yaani uadilifu wake, na upo *dhabt*, yaani umakini wake wa kuhifadhi. Mwenye upungufu wa umakini habari zake hupimwa kwa habari za wenzake, na zikiungwa mkono huweza kufaa. Aliyethibiti kuwa mwongo, habari zake huachwa. Ya kwanza ni kasoro ya chombo. Ya pili ni kasoro ya mwenye chombo.

Sasa nikueleze nani aliumia.

Fomu zilipokusanywa, upande wa juu ulikuwa na nyuki 17 katika asubuhi 6. Upande wa chini, fomu za ukhti zilionyesha 0, 1, 0, 0, 1, 0. Shamba ni moja, asubuhi ni zile zile. Ndugu yetu akafanya alichoweza kufanya: akaona mmoja wetu hakuangalia vizuri. Mimi ni mwanafunzi wa siku nyingi, na yeye ni mgeni. Kwa upole kabisa akamwambia ukhti ajitahidi zaidi siku nyingine, akaziweka fomu zake kando. Mama akaambiwa kwamba nyuki wanakuja, basi huenda shida ni udongo. Akanunua samadi, mkokoteni mzima, kwa pesa ya kuuza chakula. Viboga vikaendelea kuanguka.

Kumbe uongo wangu haukuzua nyuki tu. Ulimfanya msema kweli aonekane mzembe. Hili sikuwa nimelifikiria. Tunadhani uongo unakaa peke yake pale ulipowekwa, kumbe unasogea na kukaa karibu na ukweli wa mtu mwingine, na watu wakitazama viwili hivyo, mara nyingi huchagua kile kilichonenepa. Katika Suratul Hujurat aya ya 6 tunaamrishwa kuichunguza habari ya mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Siku zote niliisoma aya ile nikiwa upande wa mchunguzi. Sikuwahi kujisoma nikiwa ndiye mleta habari.

Jumatatu moja baada ya darsa, ukhti yule alinisubiri nje ya msikiti akiwa na mwenzake. Akasema, "Kaka, nisaidie. Nifundishe unavyowaangalia wale nyuki. Mimi nakaa, nakodoa macho, siwaoni."

Ndugu msomaji, sikupata jibu. Nikamwambia twende kesho yake asubuhi, yeye na mwenzake. Tulikwenda, tukakaa dakika 10 upande wangu wa juu. Akapita sisimizi mmoja juu ya jani. Nikawaambia ukweli pale pale, na adhuhuri nikamwambia ndugu yetu wa baiolojia.

Kabla sijasema kilichofuata, nataka tulitazame tukio moja katika Sira linalohusu jambo hili hili la uchavushaji. Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakiichavusha mitende, wanachukua cha mtende dume na kukitia katika kole la mtende jike. Akaeleza rai yake kwamba huenda wasipofanya hivyo ingekuwa heri. Wakaacha. Mavuno yakaharibika. Habari ikamfikia, naye akabainisha kwamba ile ilikuwa rai tu katika jambo la kidunia, na kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo yao ya dunia.

Hadithi hii huzungumzwa sana kwa ajili ya jibu la Mtume (S.A.W.), na ni haki yake. Lakini hebu tuwatazame wale waliopeleka habari. Hakuna watu waliompenda Mtume (S.A.W.) kama masahaba zake. Wangeweza kuona haya, wakasema tende ni njema alhamdulillahi. Wangeweza kufidia kwa tende za shamba jingine. Hawakufanya hivyo. Tende zilikuwa mbovu, wakasema ni mbovu, mbele ya mtu ambaye wangetoa roho zao kwa ajili yake. Hawakuona kwamba adabu inataka uongo. Na kwa sababu ya ukweli wao, umma mzima mpaka leo umepata kanuni ya jinsi ya kujua mambo ya dunia: uangalie, ujaribu, useme ulichokiona. Kama wangepamba mavuno yao kwa heshima, tungeikosa kanuni hiyo. Mavuno mabovu yaliyosemwa kwa ukweli yamewafaa watu kuliko mavuno mazuri ya kubuni.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: uongo usio na aliyedhulumiwa haupo, upo uongo ambao aliyedhulumiwa bado hajafika. Anayeandika habari anamwandikia mtu asiyemjua, atakayeitumia siku asiyoijua, kwa jambo asilolijua. Habari ni amana iliyowekwa mikononi mwa mtu kabla mwenyewe hajajulikana. Na amana ya namna hii ina uzito wake, kwa sababu mwenyewe hayupo kuidai.

Kuna atakayesema nimekuza mambo, na kwamba umma una mitihani mikubwa kuliko maua ya maboga. Sikatai kwamba ipo. Lakini yule atakayesimamia zaka, atakayeandika ripoti ya hospitali, atakayehesabu kura, leo ni mwanafunzi anayejaza fomu asubuhi ya baridi. Katika Suratun Naml, Nabii Suleiman (A.S.) aliletewa habari ya ufalme mzima na ndege. Hakumdharau kwa udogo wake, wala hakumwamini papo hapo; alisema wataangalia kama amesema kweli au ni katika waongo, kisha akampa barua ya kupeleka. Habari ya ndege ilistahili uchunguzi wa mfalme. Sembuse habari ya mwanafunzi wa chuo kuhusu nyuki.

Toba yenye haki ya mtu ndani yake haikamiliki mpaka haki irudi. Fomu zangu 4 zilifutwa, za ukhti zikarudishwa, na ndugu yetu alimwomba radhi mbele yangu, ingawa aliyestahili kuombwa msamaha mbele ya watu alikuwa yeye na mwombaji nilikuwa mimi. Nilimwomba. Kisha tukaenda kwa mama. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona hamkuniuliza? Mimi nipo hapa kila alfajiri. Zamani ukitoka nje unawasikia kabla hujawaona. Siku hizi siwasikii." Akatuonyesha shamba la jirani la nyanya ambalo hupigwa dawa ya wadudu asubuhi, saa ile ile maua ya maboga yanapokuwa wazi. Hatusemi ndiyo sababu. Hilo linataka kuhesabiwa bado. Lakini mtu mwenye shamba alikuwa na habari, na sisi tulikuwa na fomu, na hatukuona haja ya kumuuliza.

Pesa ya samadi nilimpelekea mara 2. Mara ya kwanza aliikataa akasema nimsomee dua tu. Nikamwambia, mama, hii si sadaka, ni deni. Akaipokea.

Ndugu yetu wa baiolojia alimfundisha kuchuma ua la kiume asubuhi, kulitoa majani yake ya manjano na kuligusisha ndani ya ua la kike, kazi ambayo watu wa Madina wangeielewa bila kuelezwa. Baadhi ya viboga vimeshika. Siwezi kukuambia ni kwa sababu ya mkono au ya samadi au ya mvua, kwa kuwa hatukuacha maua mengine bila kuguswa ili tulinganishe. Nakuambia tu kwamba vimeshika, na kwamba nilikwenda kuviona kwa macho yangu.

Kazi ya kuhesabu inaendelea kila Jumamosi asubuhi baada ya Alfajiri, na anayesimamia fomu sasa ni yule ukhti. Anayetaka kushiriki aje na saa, kalamu na subira. Ukiona mdudu usiyemjua, andika hujui, Imam Malik (R.H.) alijulikana kwa kusema sijui, na elimu yake haikupungua. Na ukikaa dakika zako 10 asije yeyote, usione haya. Andika 0, utie tarehe, uende zako ukiwa umetekeleza amana.

Allah (S.W.T.) aliyemfunulia nyuki njia yake atujaalie ulimi na kalamu zenye kusema kweli, na atusamehe tuliyoyaandika bila kuyaona. Amin.

Wabillahi tawfiq.